Akodiani ya Klabu

Vijana wa mjini Unguja waliounda Nadi Ikhwani Safaa mwaka 1905 hawakuwa na akodiani, na inaelekea hawakuona haja nayo. Walichokitaka ni udi, ganuni, fidla na nai, ala walizoagiza Misri. Jina la klabu walilichukua kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, na hilo peke yake linatosha kuonyesha walivyojiona: ndugu wenye nyoyo safi, watu wa adabu na elimu, si wapigaji wa kukodiwa. Jioni walikutana, wakafundishana kwa sikio, wakaimba kwa Kiarabu. Wasikilizaji wao wakubwa walikuwa wao wenyewe.

Historia ya taarab kwa kawaida husimuliwa kama historia ya sauti. Atatajwa Siti binti Saad, atatajwa Bi Kidude, na wapigaji watapewa mstari mmoja mwishoni kama waliokuwa wakishikilia kamba wakati mwingine anapanda mnazi. Ala yenyewe haipewi hata huo mstari. Lakini ukiamua kuifuata ala moja, hasa akodiani, utajikuta humfuati mwimbaji wala mpigaji. Utajikuta unaifuata klabu: chumba chenye viti, kabati la vyombo, viongozi waliochaguliwa, na kundi la watu wanaorudi hapo jioni baada ya jioni kwa sababu hawajui pengine pa kwenda pazuri kuliko hapo.

Kabla ya naadi, yaani klabu, palikuwa na kasri. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, anasimuliwa kuwa ndiye aliyeleta taarab ya Kimisri Unguja, na kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Muziki huo ulikuwa wa mfalme na wageni wake. Kazi ya Ikhwani Safaa ilikuwa kuutoa kasrini na kuuweka mikononi mwa raia, ingawa raia wenyewe kwa muda mrefu walikuwa wa tabaka fulani tu la mji. Mshindani hakukawia: Nadi Shuub nayo ilisimama, na tangu hapo Unguja haijawahi kuwa na klabu moja ya taarab isiyo na wa kuitolea jicho.

Wakati huo akodiani ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, huko ilikozaliwa. Cyrill Demian, fundi wa vinanda mjini Vienna, aliandikisha hataza yake mwezi Mei 1829. Kisanduku chake kilikuwa kidogo na kazi yake ilikuwa nyepesi: ubonyeze kitufe kimoja, upate sauti kadhaa zilizokwisha kupangwa pamoja, uimbe juu yake. Namna kinavyofanya kazi haijabadilika. Katikati pana mvukuto, kama wa mhunzi, unaofunguka na kufumba. Upepo wake hupita kwenye ndimi nyembamba za chuma, na kila ulimi una sauti yake. Mkono wa kulia hushika wimbo. Mkono wa kushoto hubonyeza vitufe vya besi na vya sauti zilizofungwa pamoja, ambavyo katika akodiani kubwa hufika 120. Kwa hiyo mtu mmoja amebeba kifuani kinanda na wasindikizaji wake.

Huo ndio uliokuwa mvuto wake Ulaya: ala ya mtu asiye na bendi. Mafundi wa Kitaliano wakaifanya kuwa kiwanda, Paolo Soprani akianza Castelfidardo mwaka 1863. Ujerumani, kampuni ya Hohner ya Trossingen, iliyoanza 1857 kwa kutengeneza vinanda vya mdomo, iliingia katika akodiani mwanzoni mwa karne ya 20 na ikagundua jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawaligundui: akodiani moja huuzwa mara moja, lakini klabu ya akodiani hununua kila mwaka. Hohner ikahimiza klabu, ikachapisha nota za kupigwa na klabu, ikaagiza muziki mpya. Mwaka 1927 Hugo Herrmann aliitungia akodiani muziki wa makusudi, usiokuwa wa kuazima kwenye piano. Mwaka 1931 klabu za Ujerumani zikaunda chama cha taifa zima. Mpaka leo katika miji midogo ya huko utakuta okestra ambazo ndani yake hamna ila akodiani, thelathini kwa pamoja, watoto mbele na wazee nyuma. Sioni aibu kusema kwamba masikio yangu hayajapatana na sauti hiyo. Lakini utaratibu wao wa kuwaketisha mjukuu na babu katika safu moja ni wa kuonea wivu.

Afrika Mashariki akodiani ilifika kwa njia zaidi ya moja, na kila njia iliipa tabia tofauti. Bara, katika nchi ya Wakikuyu, ilikuwa ala ya mtu mmoja kweli. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku muthirigu, nyimbo za kuipinga, mwaka 1930, na katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa Murang'a, Nyeri na Kiambu wakashika mwomboko: hatua mbili, kuinama kidogo, wawili wawili, mitindo ya dansi ya Wazungu iliyogeuzwa ikawa yao. Muziki wake ulikuwa akodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Basi. Mpigaji mmoja aliweza kuchezesha uwanja mzima mpaka alfajiri, naye akodiani alikuwa nayo mwenyewe, akitembea nayo kilima kimoja hadi kingine.

Unguja mambo yalikwenda kinyume. Huku hakuna aliyehitaji ala ya mtu asiye na bendi, maana bendi ndiyo iliyokuwa furaha yenyewe.

Akodiani ilifika pwani ikitokea Cairo zaidi kuliko Vienna. Si kwamba ilitengenezwa Misri, ila ilikuwa imepita shule huko. Mohammed Abdel Wahab, mtunzi na mwimbaji, alikuwa mbele katika kuingiza ala za Kizungu ndani ya muziki wa Kiarabu, na filamu za Kimisri zikaeneza sauti ya okestra kubwa: safu ya fidla, chelo, besi, na katikati yake akodiani ikipita kama mtu aliyezoea nyumba. Filamu hizo zilionyeshwa Unguja. Redio ya Cairo ilisikika Unguja, na kuanzia 1954 ikawa na matangazo ya Kiswahili. Umm Kulthum alipoimba, vijana wa naadi walisikiliza kwa makini ya mwanafunzi, si ya mshabiki. Mwaka 1969 alipotoa Alf Leila wa Leila, wimbo ambamo akodiani inasikika wazi, klabu za Unguja zilikuwa zimekwisha kuizoea, kwani kufikia miaka ya 1950 na 1960 taarab ya mjini ilikuwa imekua kutoka kundi la watu wachache hadi okestra kamili.

Hapa inabidi kusimama, kwa sababu kuna jambo la kifundi ambalo ndilo linaloipa akodiani ya Unguja sura yake. Muziki wa Kiarabu una maqamu, yaani ngazi za sauti, zenye robo toni, sauti zinazokaa katikati ya vibao vya piano. Bayati inazo, rasti inazo, sika inazo. Fidla inazipata kwa kusogeza kidole. Ganuni inazipata kwa vijichuma vyake vidogo vya kunyanyua na kushusha. Nai inazipata kwa pumzi. Akodiani iliyotoka kiwandani haizipati hata kidogo: ulimi wa chuma umekwisha kukatwa, na sauti yake ndiyo hiyo hiyo mpaka ufe. Wamisri walilitatua tatizo kwa tupa. Walifungua sanduku, wakazikwangua baadhi ya ndimi mpaka zikashuka robo, wakapata akodiani iliyojua Kiarabu.

Pwani kulikuwa na njia nyingine, ya upole zaidi. Kuna maqamu zisizokuwa na robo toni, kama nahawandi, ajamu na kurdi, na hijazi nayo hukubali kupigwa kwenye vibao vya kawaida bila ya sikio kulalamika sana. Watunzi wa Kiswahili walizielekea hizo kwa wingi. Sidai kwamba akodiani ndiyo iliyowalazimisha, maana lugha nayo ina mwendo wake na nyimbo za Kihindi zilichangia. Lakini okestra ikishakuwa na ala moja yenye sauti zilizokazwa, wengine wote huisogelea. Anayesema taarab ya Kiswahili ni nakala tu ya ile ya Misri aisikilize akodiani kwa saa moja, atajua kwamba mapatano mengine yalifanyika humu humu nchini.

Na mkono wa kushoto? Ule wa vitufe 120, fahari ya viwanda vya Italia? Katika taarab haukuwa na kazi kubwa. Muziki huu hauendi kwa sauti kupandana juu ya sauti kama kwaya ya kanisani. Wote hupiga wimbo mmoja, kila ala ikiupamba kwa namna yake, mmoja akivuta noti, mwingine akiigawa, wa tatu akiitangulia kidogo. Besi ilikuwapo tayari, amesimama nayo mtu wake. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa mpigaji akodiani ukabaki na kazi ya mvukuto, na hiyo si kazi ndogo: ndio unaoamua kama noti itaingia kwa upole au kwa kishindo, ndio unaoitikia pale mwimbaji anapomaliza mstari. Okestra ya Trossingen ingeliona huo ni uharibifu wa nusu ya ala. Mimi naona klabu ilimwambia mgeni: karibu, keti, lakini usiongee kwa niaba yetu sote.

Mwaka 1958 ilizaliwa klabu ya pili kubwa, na kuzaliwa kwake hakukuwa kwa muziki peke yake. Zanzibar ilikuwa imeingia katika siasa za vyama, uchaguzi wa kwanza ulikuwa umefanyika 1957, na kila kitu kikawa na upande: duka, msikiti, timu ya mpira. Kundi lililoitwa Shime Kuokoana lilitokana na vijana wa chama cha Afro-Shirazi. Ndilo ambalo baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 liliwekwa chini ya serikali, likajulikana kwa jina la Mila na Utamaduni, na ulimwengu ukalijua kama Culture Musical Club, makao yake Vuga. Ikhwani Safaa nayo ilibadilishwa jina, ikawa klabu ya Malindi, na haikulirudia jina lake la zamani ila miaka ya baadaye.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa namna mbili. Watu walipungua, maana watunzi, wapigaji na wafadhili kadhaa walihama, wengine wakaishia Oman na nchi za Ghuba, ambako Kiswahili na taarab vingali vikisikika majumbani. Vyombo navyo vilipungua. Akodiani hukaa vibaya na bahari. Ndimi zake ni za chuma cha pua, na hewa ya chumvi huzipandisha kutu. Ndimi hizo zimegandishwa kwa nta, na joto huilainisha nta. Vijingozi vinavyoziba upepo hujikunja kwa unyevu. Udi ukivunjika, seremala hodari atajaribu. Akodiani ikiziba koo, lazima apatikane mtu wa kuifungua, kuusikiliza kila ulimi peke yake na kuurekebisha kwa tupa, huku akijua kwamba chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Hapo ndipo faida ya klabu ilipoonekana. Akodiani katika naadi kwa kawaida si mali ya anayeipiga. Ni ya klabu. Hukaa klabuni, hupigwa na aliyepo, na mpigaji akifa au akisafiri, ala haiondoki na jeneza wala na meli. Mtu binafsi angeliuza sanduku bovu. Klabu hulihifadhi, kwa kuwa siku moja litatoa ndimi za kuliponya jingine.

Maisha ya klabu yenyewe yana utaratibu ambao umebadilika kidogo sana. Jioni watu huja mmoja mmoja. Kuna anayekuja kupiga, kuna anayekuja kusikiliza, kuna anayekuja kusema tu. Wimbo mpya huanza na shairi, ambalo huenda limetoka kwa mtu asiyejua kupiga ala yoyote. Mtunzi wa muziki hulitia sauti, mara nyingi kwa udi au kwa kinanda. Halafu huja lile suala la nani ataimba, ambalo limewahi kuvunja urafiki wa miaka. Kisha mazoezi: fidla hupewa mstari, akodiani hupewa mstari, na kipande cha muziki kati ya ubeti na ubeti hurudiwa mpaka kila mtu akichukie. Nota ziliandikwa na wachache. Wengi walishika kichwani, na mpigaji akodiani mkongwe aliweza kubeba mamia ya nyimbo bila karatasi. Wimbo wa Idd huwekwa siri. Klabu ya pili ikiusikia kabla ya siku yake, ni msiba.

Siku yenyewe wapigaji hukaa safu kwa safu, suti na tai katika joto la Unguja, nyuso kavu kama mahakimu. Hufungua kwa bashrafu, muziki bila maneno wenye asili ya Kituruki uliopitia Misri, na hapo ndipo mpigaji akodiani husikika vizuri zaidi, kabla waimbaji hawajaanza. Baadaye wanawake huinuka kutunza, noti mkononi, wakienda polepole kwa mwendo wa kucheza, na huenda ubeti anaoutunzia mtu ni ujumbe kwa jirani aliyekaa safu ya tatu. Pesa huenda kwa mwimbaji mbele ya watu. Aliye nyuma na sanduku lake la kilo kumi na zaidi mapajani hatunzwi. Nadhani ndiyo sababu akodiani iliwapenda watu wa tabia fulani.

Wanawake hawakuwa watazamaji tu. Tangu kabla ya Mapinduzi walikuwa na vikundi vyao mjini, vyenye majina kama Royal Navy na Royal Air Force, majina yaliyobeba kejeli na madaha kwa pamoja, na ushindani wao ulikuwa mkali kuliko wa wanaume: sare mpya, mafumbo mapya, majibu ya mafumbo. Lakini mpaka hivi karibuni kanuni ilikuwa moja. Wanawake waliimba, na ala za okestra walishika wanaume.

Mwaka 1988 kampuni ya Kiingereza iitwayo Globestyle ilikuja Unguja na kuzirekodi klabu zote mbili, na rekodi hizo zikawafikia watu Ulaya na Marekani ambao hawakuwahi kulisikia neno taarab. Kwao akodiani ilikuwa mlango. Ganuni hawakuijua, lakini hii waliijua tangu kwa babu zao, nayo ilikuwa ikisema maneno wasiyoyatarajia. Culture ikaanza kusafiri, na mwaka 2000 ikatoa albamu ya bashrafu tupu, jambo ambalo nyumbani pengine lisingelinunuliwa.

Nyumbani upepo ulikuwa umegeuka. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa ilishika kumbi: East African Melody kwa upande mmoja, na Dar es Salaam makundi ya TOT na Muungano yakirushiana mipasho. Kinanda cha umeme kilikuja na fidla ndani yake, ganuni ndani yake, ngoma ndani yake na akodiani ndani yake pia, kwa kubonyeza kitufe. Vingine hata vilikuwa na robo toni, ile ile iliyokuwa shida ya sanduku la Vienna. Hesabu ya mwenye harusi ikawa rahisi. Okestra ya klabu ni watu zaidi ya ishirini, wote wanakula, wote wanahitaji gari. Kundi la kisasa ni wachache na spika. Watu hupenda kulaumu ladha ya vijana. Mimi naona usafiri na pilau vilifanya kazi kubwa kuliko ladha.

Klabu za zamani hazikufa, na sababu si utalii peke yake, ingawa tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004 limewapa jukwaa Ngome Kongwe. Waliendelea kwa sababu walikuwa wakikutana hata pasipokuwa na mwaliko. Ikhwani Safaa ilitimiza miaka mia mwaka 2005 na ikatolewa albamu kwa ajili hiyo. Kabla yake, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, DCMA, kilikuwa kimeanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa mara ya kwanza kijana wa Unguja aliweza kujifunza ala za taarab kwa nota, darasani, kwa saa maalumu, bila ya kuwa na mjomba klabuni. Wakongwe walinung'unika kwamba nota hufundisha vidole na kuliacha sikio. Wengine wao ndio waliokwenda kufundisha.

Chuo kilibadilisha jambo jingine, ambalo huenda hakikulikusudia. Darasani msichana aliyetaka ala alipewa ala. Mwaka 2009 Maryam Hamdani aliunda Tausi, okestra ya taarab ya wanawake watupu, na hapo ile kanuni ya wanawake kuimba na wanaume kupiga ikavunjwa mbele ya macho ya watu wote, ukumbini, wao wenyewe wakiwa nyuma ya ala na wao wenyewe wakitunzwa. Mazoezi yao huwa na matatizo yale yale ya naadi ya 1905: nani kachelewa, nani hajaushika mstari wake, nani ataimba.